Gari Lililomfuata Mama Mkwe

Gari langu la kwanza lilikuwa na tabia ya kumfuata mama mkwe wangu. Hayo si maneno yangu. Ni maneno ya ukoo mzima wa mke wangu, na kwa miezi kadhaa sikuwa na jibu la kuwapa, mimi fundi makanika, mtu niliyekuwa nalipwa ili nijue kwa nini magari yanafanya yanayoyafanya. Leo nikikumbuka nacheka. Wakati ule sikucheka hata kidogo.

Kwanza mnielewe kuhusu mama mkwe. Kwetu Baluba, mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani usoni. Ukimwona anakuja njiani, unaingia majanini na kugeuza kichwa mpaka apite. Naye akikuona anakupa mgongo. Hamli pamoja, hamwitani majina, na mkiwa na neno la kuambiana mnampa mtu wa tatu alipeleke, hata kama kati yenu kuna ukuta wa matete tu na kila mmoja anasikia. Si chuki, ni heshima, tena heshima kubwa. Mtu asiyeifuata tunasema hana bukwe, na ukishaambiwa hivyo ni afadhali uhame. Mimi nilikuwa nimeoa zaidi ya mwaka na bado sikujua uso wa mama mkwe wangu ukoje. Nilijua mgongo wake tu. Ulikuwa mgongo mpana.

Kwetu, mjini Kamina, tulikuwa Wamethodisti, watu wa shule. Baba alikuwa mwalimu, kaka zangu makarani wenye tai, na mimi peke yangu ndiye niliyerudi nyumbani na kucha nyeusi, hata mama akanitengea beseni langu la kunawia. Nilifanya kazi kwenye garaji ya mzungu mmoja karibu na stesheni. Tulitengeneza malori yaliyopeleka saruji na mabati base, kambi ya ndege za jeshi la Wabelgiji, ambayo miaka hiyo ilikuwa inajengwa kwa haraka kana kwamba vita inaanza kesho. Mke wangu alitoka kwa Wakatoliki, wakulima wa kijiji kimoja upande wa Kabondo-Dianda. Treni ilipita mbali na kwao. Kutoka stesheni ya karibu ulitembea tangu asubuhi mpaka jua lipinduke, ndiyo maana siku nilipopata gari nilijiona nimemaliza shida zote za ndoa.

Gari lenyewe lilikuwa la mzungu aliyerudi kwao. Sehemu ya nyuma ilikuwa imekatwa na kuwekwa sanduku la mbao la kubebea mizigo, na mbele kulikuwa na nafasi ya dereva na abiria mmoja, au wawili wanaopendana. Safari ya kwanza kwenda ukweni liliniaibisha. Barabara za huko zina mifereji miwili iliyochimbwa na magurudumu, na katikati mgongo wa udongo wenye nyasi. Malori hupita juu ya mgongo huo bila kujua kwamba upo. Gari langu fupi lilikaa juu yake kwa tumbo, magurudumu yakazunguka bure, na baba mkwe na wazee wenzake wakaja kuliinua, mimi nikiwa bado ndani nimeshika volani, yaani usukani. Walikuwa wapole. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nikarudi Kamina nimekasirika. Mimi nikikasirika nafanya kazi vizuri, au ndivyo nilivyoamini. Gari lilikaa juu ya resori, zile bamba za chuma zilizopindwa na kupangwa moja juu ya nyingine, na mbele, kwenye uzito wa injini, resori zilikuwa zimechoka. Nikachukua bamba nene za lori lililokufa nyuma ya garaji, nikazikata kwa kipimo, nikaongeza tatu kila upande. Gari likainuka mbele kuliko nyuma. Kaka yangu karani akasema sasa linafanana na mtu anayenusa nyama ya jirani. Nikamwambia arudi kwenye makaratasi yake.

Wakati huo mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza, na kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa mke. Nikampakia na mkoba wake, tukaondoka. Ndani ya mji gari lilikwenda vizuri. Tulipoacha njia laini na kuingia ile ya mashimo, likaanza. Kila magurudumu ya mbele yalipopanda donge, gari liliruka kushoto. Yaliposhuka, likarudi kulia. Volani nilikuwa nimeishika kwa mikono miwili na sikuwa nimeigeuza; gari ndilo lililogeuka.

"Iko naenda wapi?" mke wangu akauliza.

"Iko naenda kwenu."

"Kwetu haiko ule upande."

Nikamwambia aniache niendeshe. Akaniacha, lakini alishika mlango kwa mkono mmoja na tumbo kwa mkono mwingine.

Karibu na kijiji, kushoto kwa barabara, mama mkwe alikuwa shambani kwake akiinua matuta ya viazi vitamu. Nilimwona kwa mbali, yaani niliuona mgongo. Nikafanya kile ambacho mkwe yeyote aliyelelewa angefanya: nikageuza kichwa, nikatazama kulia. Naye aliposikia gari akajua ni mimi, akafanya la kwake, akatupa mgongo kabisa na kuinama juu ya jembe. Hapo ndipo tulipopanda donge. Gari likaruka kushoto, likatoka mferejini, likapanda tuta la kwanza, na kila tuta likalisukuma kushoto zaidi. Mimi natazama kulia kwa heshima. Mama mkwe anatazama ardhi kwa heshima. Aliyetazama mbele ni mke wangu peke yake, na ukelele aliopiga haukuwa na heshima yoyote. Gari lilizimika katikati ya viazi, karibu na mama mkwe kiasi kwamba alisikia joto la injini miguuni.

Nilitaka kumwomba radhi, lakini ili nimwombe radhi ningelazimika kusema naye. Basi nikakaa mle ndani nikitazama kulia, shingo ikianza kuniuma, mpaka nikasikia hatua zake zikiondoka taratibu kati ya matuta.

Jioni baba mkwe aliniita uani. Alikuwa mzee mwembamba, mpole, aliyependa sana kazi ya kupeleka maneno ya watu wengine.

"Mukwe," akasema, "mama anasema weye uko na bukwe. Dada yake alikuwa ku shamba ya jirani, aliona ulizungusha kichwa. Gari njo haina bukwe. Inamufwata mama mukwe mpaka mu shamba."

"Tata, ile iko mashini. Haijui mama mukwe ni nani."

"Njo vile anasema. Haijui." Akatikisa kichwa kwa huruma. "Anasema mutoto atazaliwa hapa, hakuna maneno. Lakini kurudia Kamina mu ile gari, bibi yako na mutoto, hapana. Mpaka gari iache kumufwata."

Nikasema "Eyo vidye," ndiyo yetu ya heshima, kwa sababu mbele ya baba mkwe hakuna jibu lingine. Nikarudi Kamina peke yangu, nikienda kushoto na kulia.

Mtoto alizaliwa. Habari nililetewa na mchuuzi wa samaki wakavu aliyepita huko kwa baiskeli: ni msichana, na mama yake ni mzima. Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda treni, nikatembea, nikafika miguu imevimba. Na sikumwona. Mtoto alikuwa mikononi mwa mama mkwe, na mahali alipo mama mkwe mimi sipo. Mama mkwe akiingia ndani, mtoto ndani. Akienda kisimani, mtoto mgongoni. Mke wangu alikuja kunisalimia nyuma ya jiko akanieleza mwanangu kwa maneno, kama mtu anayeeleza nguo aliyoiona dukani.

"Iko na nywele mingi," akasema. "Na kama anakasirika, anakunja uso hivi." Akakunja uso kunionyesha.

"Anafanana na nani?"

Akacheka, akarudi ndani. Kesho yake nikarudi zangu. Sitaki kuficha: iliniuma vibaya. Nilitembea mpaka stesheni nikimtukana mama mkwe moyoni, na kwa kuwa hilo nalo ni dhambi kwenye bukwe, nikahamishia matusi kwenye gari.

Kamina kila mtu alijua ugonjwa wake. Mwenzangu wa garaji alisema ni matairi, nikayabadilisha, la kushoto kulia na la kulia kushoto, na gari likaendelea kama kawaida. Mwingine akasema ekseli imepinda. Tukaipima kwa uzi, ikawa sawa. Tukafungua pini ambazo magurudumu yanazunguka juu yake, tukaweka mpya. Katekista wa kijijini kwa mke wangu alituma medali ya mtakatifu niitundike mbele ya dereva. Nikaiweka ndani ya sanduku la vyombo, chini ya funguo, mahali ambapo baba yangu hataiona. Baba naye alisema ataniombea, ila akaongeza kwamba hajui amwombe Mungu nini hasa, kwa hiyo nimwandalie maneno. Kaka zangu walishauri nioe tena, mtu wa mjini, anayekaa karibu.

Mwisho mzungu wa garaji akalichukua mwenyewe, akalizungusha kwenye lami mpya ya njia ya base. Akarudi ameachia volani, mikono yote miwili hewani ili nione.

"Mais ça va très bien," akasema. "Gari yako haina kitu."

Kweli, kwenye lami lilikuwa malaika. Nilikasirika siku mbili, hata chakula sikukiona utamu. Halafu ile hasira ikanisaidia. Kama kwenye njia laini gari halikosi, basi ugonjwa hauko kwenye kwenda, uko kwenye kupanda na kushuka. Dawa ni kulisimamisha, kuifunga volani isiweze kugeuka, kisha kuishusha na kuiinua pua ya gari huku mtu amelala chini anatazama magurudumu. Nikawaomba wenzangu wa garaji wanikalie mbele. Bamba za lori zilikuwa ngumu, na kabla sijalala chini wao wakaanza kuimba na kucheza juu ya gari langu, na mzungu akaja kuwafukuza warudi kwenye malori. Nikaamua kazi nitaifanyia ukweni. Kama kosa litaonekana, basi lionekane mbele ya wale walioliita gari langu halina bukwe.

Nilifika kijijini mwendo wa konokono, na mama mkwe siku hiyo, namshukuru Mungu, hakuwa shambani. Nikalisimamisha gari uani, nikaifunga volani kwa kamba mpaka ikatulia kabisa, nikamweleza baba mkwe ninachotaka. Vijana wote walikuwa base au kwenye reli. Walibaki wazee. Baba mkwe akapanda juu ya parashoki, kile chuma cha mbele kinachopokea magongano, pamoja na jirani yake aliyekuwa mwembamba kuliko yeye. Wakaruka kwa bidii. Gari halikujua kwamba kuna watu.

Nyuma ya ukuta wa matete sauti ya mwanamke ikasema, ikiuambia ukuta: "Ambia ule muntu, kama anatafuta uzito, uzito iko huku."

Baba mkwe alinitazama, mimi nikatazama viatu vyangu. Mama mkwe, juu ya gari, na mkwe wake chini ya gari: hata wazee hawakuwahi kusikia jambo kama hilo, na ninyi mnaodhani ni jambo dogo hamjui bukwe. Waliteta kwa muda mrefu. Aliyemaliza maneno ni mke wangu. Alitoka ndani na kikwembe chake kikubwa, kitenge cha kujifunga, akakifunga kwenye miti miwili, kikaning'inia kama pazia mbele ya gari mpaka chini. Mimi ningeingia chini ya gari kutoka nyuma. Mama mkwe angekuja kutoka mbele. Kikwembe kingekaa kati yetu, na maneno yangepitia kwa baba mkwe.

Nikalala kwenye mkeka, kichwa karibu na gurudumu. Chini ya pindo la kikwembe nikaona vidole vya miguu vikifika, nikafumba macho haraka.

"Tata, tafazali, ambia mama apande ku parashoki."

"Mama, anasema upande ku kile chuma."

"Nasikia. Ambia ye, miye niko na mutoto ku mugongo."

"Mukwe, anasema eko na mutoto ku mugongo."

Nilikuwa nimesikia. Mwanangu alikuwa juu ya kichwa changu, kati yetu kuna chuma na kitambaa tu.

"Ambia ye apande polepole," nikasema.

Akapanda. Nimeinua magari kwa mashini za kila aina, lakini sijaona pua ya gari ikitii vile. Ilishuka, resori zikalia, vumbi likanijaa machoni, na gurudumu lililokuwa mbele ya uso wangu likageuka kushoto. Lenyewe. Volani imefungwa kwa kamba, hakuna mtu ndani, na gurudumu linageuka taratibu kama mtu aliyeitwa.

"Ambia ye ashuke kidogo, halafu apande tena."

"Mama, anasema ushuke, upande, ushuke, upande. Anasema pia pole juu ya viazi."

Sikuwa nimesema hilo la viazi, ila nilifurahi kwamba limesemwa. Mama mkwe akawa anapanda na kushuka. Pua ikishuka, magurudumu kushoto. Ikiinuka, magurudumu kulia. Na juu yangu nikasikia kitu kingine, sauti ndogo, kwikwi ya mtoto, moja kila gari lilipozama. Sijui kama ndiyo niliyoisikiliza zaidi au resori. Nadhani nilimrusha mama mkwe mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Ugonjwa ulikuwa mbele ya macho yangu. Kuna bare ya chuma inayotoka chini ya sanduku la volani kwenda kwenye mkono ulioshikamana na gurudumu, nayo ndiyo inayopeleka neno la dereva kwa magurudumu. Gari lilipokuwa fupi, bare hiyo ililala sawa na ardhi, na gurudumu likipanda au kushuka kidogo halikubadilisha kitu. Nilipoliinua gari, ncha ya juu ya bare ilipanda pamoja na sanduku, ncha ya chini ikabaki na gurudumu. Sasa bare ilisimama mshazari kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Ukishusha kichwa cha ngazi, mguu wake lazima uteleze. Ndivyo ilivyokuwa: kila donge liliilaza ile ngazi, mguu ukateleza, ukausukuma ule mkono, na gurudumu likageuka bila ruhusa ya mtu.

"Tata," nikasema kutoka chini, "gari haina mubaya. Nilipandisha nyumba, nikasahau mulango."

Baba mkwe akamwambia mama mkwe kwamba gari ni nyumba isiyo na mlango. Nikamwacha aamini hivyo.

Kuziondoa bamba zote nisingeweza, tumbo la gari lingerudi kukaa kwenye mgongo wa barabara. Nikaondoa moja kati ya zile tatu kila upande. Kisha nikafungua ule mkono wa gurudumu nikaupeleka kwa mfua majembe wa kijiji, aniruhusu kutumia moto wake. Nilikipenda kibanda kile. Wanawake hawaingii kwenye moto wa mfua chuma, basi ndipo mahali pekee kijijini nilipoweza kuinua kichwa bila hofu ya kumwona mtu. Tuliupasha mkono mpaka ukawa mwekundu, nikaupinda kwenda juu ili ncha ya chini ya bare nayo ipande, nikapima kwa jicho na kwa kijiti, nikaupasha tena, nikaupinda tena. Sikuutia majini, maana chuma cha namna ile ukikipoza ghafla kinakuwa kama chungu, kitakatika siku usiyoitaka. Nikauzika kwenye majivu upoe wenyewe. Mfua majembe alitaka kujua ni jembe la namna gani. Nikamwambia ni la kulimia barabara, akaridhika.

Kesho yake nikarudisha kila kitu mahali pake. Bare ililala tambarare, au karibu sana na tambarare. Kikwembe kikafungwa tena, mama mkwe akapanda tena, kwikwi ikaanza tena, na gurudumu likatikisika kidogo kisha likatulia likitazama mbele. Nilitoka chini ya gari nikiwa na mchanga kwenye meno nikamwambia baba mkwe kazi imekwisha.

Akaenda nyuma ya matete. Akarudi.

"Anasema bado. Anasema uani gari yote iko na bukwe. Yeye ataenda kulima ku shamba, pale pale. Weye utapita ku barabara, namna ulipita siku ile."

"Namna ile ile?"

"Uso ku kuume. Anasema kama unatazama mbele, njo weye unajua njia. Anataka kuona kama gari njo inajua."

Niliona mara moja kwamba huyo mwanamke amenikamata. Kama ningetazama mbele ningekuwa sina bukwe, na kama ningetazama kulia ningekuwa nimeweka ndoa yangu mikononi mwa chuma nilichokipinda kwa moto wa majembe. Mke wangu alisimama mlangoni, mkoba wake umeshafungwa. Alikuwa anataka kurudi nyumbani, na mimi nilijua hivyo, na yeye alijua kwamba mama yake akikataa safari hii hatakubali tena mpaka mvua nyingine.

Kijiji kizima kilipanga mstari upande wa kulia wa barabara, upande salama. Nikalirudisha gari mbali, nikaligeuza. Mama mkwe alikuwa kwenye matuta yake, ameinama, mgongo kwa barabara. Mimi nikaweka magurudumu kwenye mifereji, nikakanyaga mafuta, na nilipofika mwanzo wa shamba nikageuza kichwa kulia.

Nikapita mbele ya nyuso za wakwe zangu wote, mmoja baada ya mwingine, wakinitazama kama wanaangalia maiti inayojiendesha. Nikasikia donge la kwanza likipanda kwenye makalio yangu. Nikangoja. Volani ikatetemeka vidoleni, haikuvuta. Donge la pili. La tatu lilikuwa shimo zaidi kuliko donge, meno yangu yakagongana, na bado zile nyuso zilibaki umbali ule ule kutoka kwangu, hazikusogea mbali. Mwishoni mwa mstari alisimama baba mkwe. Nilipomwona anatabasamu nilijua sijaua mtu.

Nikasimamisha gari nikashuka, nikasimama upande wa pili wa gari ili mama mkwe apate nafasi ya kurudi nyumbani bila kuniona. Hakurudi nyumbani. Aliweka jembe chini, akakaza kitambaa kifuani, na bado ametupa mgongo, akaanza kuja kwetu kinyumenyume.

Alikuja hivyo shamba zima, akitafuta kila tuta kwa kisigino. Mke wangu alimwelekeza kutoka barabarani.

"Kushoto, mama. Kidogo ku kuume. Apana, umepita, rudia kushoto."

Alikwenda upogo vibaya sana, kushoto na kulia, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kusema anafanana na nini. Nami kwanza niligeuza kichwa, kama inavyotakiwa. Baba mkwe akanigusa bega.

"Ku mugongo inaruhusiwa," akasema. "Mugongo haina uso."

Lakini ulikuwa na uso. Juu ya mgongo ule mpana, ndani ya kitambaa, kichwa kidogo chenye nywele nyingi kilikuwa kinakuja kwangu hatua kwa hatua, kinatikisika kwenye kila tuta, macho wazi. Mama mkwe akafika mpaka ubavuni mwa gari, akasimama, akangoja, nami nikalizunguka gari nikasimama nyuma yake. Mke wangu akaanza kufungua fundo la kitambaa. Mwanangu alinitazama, akaiona ovaroli yangu, akakunja uso wote.

Nilitafuta uso wangu pale, sikuuona. Nikatafuta wa mke wangu, sikuuona. Paji lilikuwa pana, kidevu kimekaza, na macho yalikuwa ya mtu aliyekwisha kuamua. Sikumjua kabisa.

"Ni nani huyu?" nikamuuliza mke wangu polepole.

"Ni mama," akasema, akielekeza kidevu kwenye ule mgongo mpana. "Ni mama kabisa kabisa. Bantu bote banasema vile."

Mama mkwe alisikia. Mgongo wake ulitikisika, nadhani kwa kucheka, kisha akaondoka kuelekea kwenye viazi vyake bila kugeuka. Nikampokea mtoto kwa mikono yangu yenye majivu, nikamtazama usoni kadiri nilivyotaka, na hakuna aliyenikataza.